Kantangaze na nzi weupe kwenye nyanya: anza na bayolojia, kemikali iwe ya mwisho

Jamani kabla hujashika bomba, kagua kwanza. Mara mbili kwa wiki pita shambani zigizaga, geuza majani uangalie chini yake. Jani lenye njia nyembamba iliyojipindapinda kama mtu kachora kwa kalamu, huyo ni mchimbaji majani wa kawaida. Njia ikiwa pana kama baka, na ukiliinua jani kwenye mwanga unaona kiwavi na vinyesi vyeusi ndani, huyo sasa ndo kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo aitwaye Tuta absoluta.

Hatua ya pili, weka mtego wa feromoni (harufu ya nondo jike inayovuta madume) wenye maji na sabuni kidogo. Unanasa madume tu so usitegemee umalize shida, kazi yake kubwa ni kukuambia wameingia. Majani na matunda yaliyotobolewa toa, funga kwenye mfuko, usiyatupe pembeni ya shamba maana watarudi tu.

Hatua ya tatu ndo naipenda zaidi: Bt, yaani bakteria Bacillus thuringiensis. Kiwavi lazima aile, kwa hiyo lowesha jani vizuri juu na chini, piga jioni kwa sababu jua linaiharibu, na piga viwavi wakiwa bado wadogo. Hafi palepale, anaacha kula kwanza halafu anakufa baada ya siku kadhaa, na hapa wengi wanakata tamaa siku ya pili wanarukia sumu kali. Subirini jamani! Kwa nzi weupe, hasa kwenye green house, kuna kijinyigu kinaitwa Encarsia formosa, kinataga ndani ya watoto wao. Ukiona vile vigamba chini ya jani (ndo watoto wa nzi weupe) vimegeuka vyeusi, kijinyigu kimo ndani, basi hilo jani liache.

Ikishindikana ndo kemikali. Usibadilishe jina la dawa tu, badilisha kundi, yaani namna dawa inavyomuua mdudu, namba ya kundi iko kwenye lebo. Emamektini na abamektini zote ni kundi la 6, ukitoka moja kwenda nyingine hujabadilisha kitu. Klorantraniliproli ni 28, spinosadi ni 5. Tumia kundi moja kwa kizazi kimoja cha wadudu, karibu mwezi hivi, kisha hamia lingine. Dawa za pairethroidi mimi naziogopa kwa kweli, niliwahi kupiga mfululizo zikaua wadudu rafiki wote, utitiri wekundu wakalipuka shamba zima.

Vaa glovu, barakoa na buti, piga jioni nyuki wakiwa wamerudi, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zifuate kama lebo ilivyoandika, hiyo nyanya kuna mtoto wa mtu ataila.

Kabla ya kupiga funga uzi kwenye majani kumi yenye viwavi hai, baada ya siku tatu nne rudi uyafungue uone wangapi bado wanacheza.