Tingmo nyumbani: mkate wa Kitibeti wa mvuke, na mboga zake

Tingmo hauingii kwenye oveni wala kikaangoni. Unaiva kwa mvuke, na Watibeti huula kwa mchuzi wa nyama au wa mboga. Huko McLeod Ganj, Dharamsala, kaskazini mwa India, ambako wakimbizi wa Kitibeti wameishi tangu 1960, unaletwa mezani ukiwa bado unafuka. Wengi ninaowaelekeza hukazania donge, na donge si kazi kwa mtu aliyezoea kukanda maandazi. Mkate huu huharibikia kwenye mvuke, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Mahitaji (watu wanne)

Unga wa ngano gramu 400, hamira ya chenga kijiko cha chai 1, sukari kijiko cha chai 1, chumvi nusu kijiko, maji ya uvuguvugu mililita 230 hivi. Kwa ndani: majani ya vitunguu fungu moja, dania kidogo, manjano robo kijiko, mafuta ya kupaka. Unga uwe ule wa kawaida. Uliokwisha kutiwa viumuzi kiwandani uuache.

1. Donge

Kanda kwa mkono dakika kumi mpaka liwe laini na lisishike vidole. Funika. Dar es Salaam wakati wa joto, dakika 45 zinatosha. Nairobi mwezi wa Julai, ngoja hata saa moja na nusu. Usitazame saa, tazama donge: likiwa maradufu, endelea.

2. Kukunja

Sukuma donge liwe mstatili mwembamba. Paka mafuta yaliyochanganywa na manjano, nyunyiza chumvi kidogo, majani ya vitunguu na dania vilivyokatwa vidogo sana na kukaushwa maji. Kunja kama unavyokunja chapati za kusokota, kisha kata vipande vya upana wa vidole viwili. Pandanisha viwili viwili, gandamiza katikati kwa mpini wa kijiko, vuta ncha kidogo na usokote. Matabaka yatafunguka yenyewe.

Viache viumuke tena dakika 15 hadi 20, si zaidi. Bonyeza kwa kidole: alama ikirudi polepole, viko tayari. Isiporudi kabisa, vimepitiliza, na vikitoka kwenye mvuke vitanywea.

3. Mvuke

Ukiwa na vile vikapu vya mianzi, tumia hivyo. Mianzi hunyonya unyevu, na hakuna chombo ninachokipenda kuliko hicho kwa kazi hii. Usipokuwa navyo, chungio la chuma juu ya sufuria linafaa, ila lisiguse maji na lisivujishe mvuke pembeni.

Adui wa kwanza ni matone. Mvuke unapiga mfuniko wa chuma, unageuka maji, yanadondokea mkate, na pale yalipodondokea panabaki doa gumu, linang'aa, halitafuniki. Funga mfuniko kwa kitambaa safi cha pamba, pembe zake uzifunge fundo juu, mbali na moto. Paka chungio mafuta, au tandika majani ya kabichi.

Adui wa pili ni moto mkali. Maji yachemke kwanza, ndipo uweke mikate ikiwa imeachana nafasi ya vidole viwili, kisha punguza moto uwe wa wastani. Mvuke unaofoka huivimbisha ngozi ya juu kabla ya ndani kuiva. Dakika 15 kwa walio pwani. Walio miinukoni waongeze mbili au tatu, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi: Lhasa, mji mkuu wa Tibeti, mita 3,650 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 88 tu.

Usifunue katikati. Na muda ukitimia, bado usifunue! Zima moto, sogeza mfuniko upenyo mdogo tu, subiri dakika nne. Baridi ikiingia ghafla, mkate uliokuwa umevimba vizuri unasinyaa na kukunjamana mbele ya macho yako, na hakuna dawa.

4. Mboga

Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, tia nyanya, viazi vilivyokatwa vyembamba, maji kikombe kimoja na nusu. Viazi vikilainika tia chainizi na sosi ya soya, dakika mbili, epua. Mchuzi uwe mwingi, maana mkate unachovywa. Ukipata zile punje za Kichina zinazotia ganzi ulimini, ambazo Watibeti huzipenda, saga chache uziongeze. Ukizikosa, pilipili manga si mbadala wake; weka pilipili kali ya kusaga na kitunguu saumu pembeni.

Iliyobaki irudishe kwenye mvuke dakika tano kesho yake, au ikate vipande uikaange kwa mafuta kidogo, uinywee chai.