Daftari la Vitanda vya Wodi ya Akili

Ninaishi Kaptembwa, Nakuru, na nina daftari la kurasa 96 lisilokaa mbali na simu yangu. Nililianza baada ya mdogo wangu wa kiume kuzidiwa na ugonjwa wa akili usiku. Hospitali moja ilituambia kwa simu, "Mleteni." Tulipofika, kitanda kilichobaki kilikuwa upande wa wanawake.

Kwa hiyo usiandike "kipo" au "hakipo". Andika idadi, wanaume kando, wanawake kando. Kila mstari wangu una tarehe, saa, wodi, idadi hizo mbili na cheo cha aliyepokea simu. Saa ndiyo muhimu zaidi: hesabu ya asubuhi ikifika jioni naipiga mstari, nauliza upya.

Nafuatilia hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Nakuru, Gilgil, Moi ya Eldoret, na Mathari kule Nairobi. Nimezipanga kwa umbali, maana mgonjwa anahitaji kutembelewa, na nauli ya Eldoret si nauli ya Gilgil. Tafuta nambari ya wodi yenyewe. Wa mapokezi atakujibu vizuri, lakini yeye havioni vitanda.

Usipige wakati manesi wanakabidhiana zamu. Vitanda hupatikana baada ya madaktari kupita raundi na kuandika nani anaenda nyumbani, kwa hiyo mimi hupiga karibu saa sita mchana.

"Habari ya kazi, Sista. Vitanda vya wanaume vilivyo wazi ni vingapi? Na kuna aliyeruhusiwa ambaye hajatoka?"

Swali hilo la pili usiliache kamwe. Mtu anaweza kuruhusiwa tangu juzi na bado analala pale, kwa sababu bili haijalipwa au watu wa kwao hawajaja kumchukua. Huyo namwandika R kwa penseli, bila jina. Majina ya wagonjwa hayaingii kwenye daftari langu. R ikifutika, kitanda kimepatikana. Mdogo wangu alilazwa kwa njia hiyo, siku ya tatu ya kufuatilia R moja. Na inaniuma, kwa sababu kila R ni mtu aliyepata nafuu anayetazama mlango.

Kitanda kikiwa wazi, bado hujapata nafasi. Daktari wenu azungumze na daktari wa kule, aandike barua ya rufaa, nawe uandike nani amekubali na saa ngapi. Mgonjwa apimwe malaria na sukari kwanza, maana homa au sukari iliyoshuka huweza kumvuruga mtu akili, na huyo anahitaji wodi nyingine. Hakikisha amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kitambulisho chake kiwe mfukoni mwako.

Lakini akitaka kujidhuru au kudhuru wengine, weka daftari chini. Mpeleke kazualti (chumba cha dharura) ya hospitali ya karibu, iwe ina wodi ya akili au haina. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Akishatulizwa na yuko na mtu wa kumwangalia, toka nje, fungua ukurasa, uanze kupiga simu ukiwa palepale hospitalini, ili daktari wa zamu awe karibu wodi ikisema mleteni.