Jinsi ya Kuzisoma Alama za Tahadhari na Kuendesha Penye Waenda kwa Miguu

Katika barabara za Tanzania, alama ya tahadhari hutambulika kwa umbo lake, yaani pembetatu yenye ncha juu, ukingo mwekundu na mchoro mweusi ndani. Pembetatu hiyo husimikwa kabla ya hatari yenyewe, kwa sababu kazi yake ni kumwarifu dereva jambo ambalo bado halioni. Kwa hiyo uonapo picha ya watoto au ya mtu anayevuka, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, usingoje mpaka uifikie mistari ya pundamilia.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, gari hukata takriban mita 14 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, kisha ukaongeza mita nyingine kama 14 za kusimama kwenye lami kavu, utakuwa umekwenda mita 28 hivi. Kwa kilomita 30 kwa saa, mita 13 zinatosha.

Kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote ni kulipita gari lililosimama kwenye kivuko. Mwanafunzi wa shule ya msingi anayekatiza mbele ya daladala hakuoni, nawe humwoni mpaka shati lake jeupe litokeze kwenye njia yako. Gari la mbele likisimama penye pundamilia pasipo sababu unayoiona, amini kwamba sababu ipo, nawe usimame kabla ya mistari. Usipige honi, kwani mtoto akishtuka hukimbia ovyo. Usimpungie mkono avuke pia, kabla hujatazama kioo cha pembeni, maana bodaboda inaweza kuwa inakuja ubavuni mwako.

Kuna mahali ambapo alama zimeng'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, ukabaki mlingoti mtupu au shimo tu. Hapo soma mtaa wenyewe: sare za shule, kituo cha daladala, meza za wauza matunda, njia ya miguu inayoishia kwenye lami. Usiku, unapopishana na gari lenye taa kali, punguza mwendo mpaka macho yazoee giza tena, kwani mtu anayetembea kandokando ya barabara akiwa na nguo nyeusi huonekana akiwa amekwisha kukaribiwa mno.