Jinsi ya kusoma nyumba ya zamani ya mbao

Ukiwa Uingereza ukaingia nyumba ya shambani ya zamani, zile za fremu ya mwaloni, usianze na kuta, manake kuta ndo hubadilishwa kila mara. Panda darini kwanza na tochi. Ukikuta kenchi nyeusi tii kwa masizi, ujue hapo palikuwa ukumbi mmoja wazi toka sakafuni mpaka paani, moto unawaka katikati na moshi unajitafutia njia juu, kwa hiyo dari na dohani ya matofali vimekuja baadaye, mara nyingi miaka ya 1500 au 1600 huko.

Afu shuka uangalie boriti taratibu. Tundu tupu lisilo na ulimi wa mbao ndani ni shahidi, kulikuwa na nguzo au ukuta ukang'olewa. Na zile alama za kuchanja kama namba za Kirumi, fundi alipanga fremu chini kwanza akavipa vipande namba ili wakisimamisha kila kimoja kirudi mahali pake. Mi hizo ndo nazipenda kuliko zote, unapitisha kidole unahisi kabisa chuma kilipopita.

Kati ya nguzo tofautisha fito na udongo, kama nyumba zetu za kukandika, na matofali yaliyojazwa baadaye.

Mfano mzuri ni nyumba inayoitwa Bayleaf, ilitoka jimbo la Kent sasa iko makumbusho ya Weald and Downland, Sussex: ukumbi wake ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1400, upande mmoja ukaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1500. Umri wanaupata kwa kupima na kulinganisha pete za mti, zile duara za ukuaji wa kila mwaka, hiyo waachie wataalamu, usichokonoe mbao na kisu.