Jina Linataja Soko, Si Shamba: Namna Ninavyotafuta Asili ya Vitu

Mteja wangu mmoja wa fromaji, yaani jibini, alinipigia simu kutoka Kinshasa: "Mama, nitumie picha ya ng'ombe wa Goma, watoto wanataka kuwaona." Nilicheka mpaka jirani yangu wa meza ya pili akauliza kuna nini. Goma hii, mji wetu wa mashariki ya Kongo, ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, ambako hata kupanda sombe (muhogo wa majani ya mboga) nyuma ya nyumba ni lazima kwanza upasue lava kwa nyundo, ng'ombe atakula nini? Fromaji yetu inashuka kutoka Masisi, kwenye vilima vya majani. Sisi tunaipokea, tunaipima, tunaisafirisha. Lakini kosa lilikuwa langu, maana miaka yote nilikuwa naandika kwenye karatasi: Fromaji ya Goma.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kitu kinatoka wapi, sijibu haraka.

Ukikuta bidhaa yenye jina la mji, anza kwa kuuliza nani alikuwa akiinunua pale. Usianze na nani aliitengeneza. Hii fromaji ya Masisi ni ya namna ya Gouda, na Gouda ni mji wa Uholanzi. Wakulima wa vijiji vya jirani ndio waliotengeneza, wakaileta mjini kuipima na kuiuza; jengo la mizani lililojengwa mwaka 1668 bado limesimama pale. Kwa hiyo Gouda ni Goma yao! Nilipojua hilo niliona aibu kidogo imenipungua. Kofia ya Panama nayo inasukwa Ecuador, ila watu wengi waliinunua walipopita Panama. Na kahawa ya moka imechukua jina la Mokha, bandari ya Yemen. Bandarini hapo hakuna shamba la kahawa. Iliteremshwa kutoka milimani, na mti wenyewe asili yake ni Ethiopia.

Halafu livunje jina, hasa lile ulilolizoea tangu utoto mpaka hulisikii tena. Chukua pilipili manga. Manga ni jina la zamani la upande wa Uarabuni, Omani hasa. Lakini pilipili hiyo ni mmea wa Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India. Watu wa pwani waliona majahazi ya Manga yakiishusha, wakaipa jina la aliyeileta. Mahindi ni hivyohivyo: ukilisikiliza neno utadhani ni chakula cha Wahindi, kumbe yalianza kulimwa Mexico maelfu ya miaka iliyopita, na upande wetu huu wa bahari hayakufika kabla ya safari za Columbus za mwaka 1492. Waturuki wao mahindi wanayaita mısır, yaani Misri. Na dindo, yule bata mzinga wa Noeli? Mfaransa alimwita kuku wa India, ndipo likabaki neno dinde. Mturuki anamwita hindi. Ndege wa watu ametoka Amerika! Ukikuta mataifa yanatupiana kitu kimoja hivi, ujue kila mmoja anataja mlango ulioingilia kwake, na shamba liko mbali na wote.

Kuna vitu ambavyo jina halikusaidii kabisa. Hapo mfuate mnyama au mmea mwenyewe. Mimi niliapa sokoni kwamba sambaza, wale samaki wadogo, ni samaki wa Ziwa Kivu tangu mababu. Mzee mmoja mvuvi wa Kituku, hapa Goma, akanikatiza: "Dada, mimi nilizaliwa kabla ya sambaza." Nilidhani anatania. Kweli, samaki huyo ni wa Ziwa Tanganyika. Aliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuachiwa ziwani. Miaka ya 1960 akapelekwa pia Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko wanamwita kapenta. Samaki mmoja, maziwa matatu, na kila ufuko una jina lake. Kwa hiyo kabla ya kitabu, tafuta mzee aliyekuwepo. Muulize hivi: "Ulipokuwa mtoto, hiki mlikuwa mnakila?" Ukimuuliza "asili yake ni wapi?" atakupa hadithi ya kabila lake.

Asili ya methali ni rahisi kuipata kuliko ya fromaji, kwa sababu methali zinajishitaki zenyewe. Angalia vifaa vilivyomo ndani. "Haba na haba hujaza kibaba": hapa kwetu nani anapima kwa kibaba? Tunapima maharage kwa gigozi, kopo la maziwa ya unga lenye jina la Maurice Guigoz, Mswisi. (Hilo ni jina la mtu, usilitafute kwenye ramani, mimi nililitafuta.) Kibaba ni kipimo cha pwani. "Dau la mnyonge haliendi joshi": joshi ni neno la mabaharia, kwenda kwa tanga dhidi ya upepo. Wavuvi wetu wa sambaza wanafunga mitumbwi mitatu pamoja na kupiga makasia usiku kwa taa, joshi hawaijui. Methali hiyo ilitembea kwa miguu na misafara ya karne ya 19, njia ileile iliyotuletea Kiswahili.

Mwisho ni kuandika. Ukishajua, andika mahali pawili: pa kutengenezwa na pa kuuziwa, pamoja na tarehe. Karatasi yangu sasa inasema: "Imetengenezwa Masisi, imeuzwa Goma." Wateja bado wanaomba fromaji ya Goma, nami nawafungia bila ubishi. Yule wa Kinshasa nilimtumia picha: mimi na mizani yangu.