Usianze na sifa za mhusika
Ukichambua riwaya au filamu, usianze na "mpole", "katili", "mkarimu". Andika pembeni kila mhusika anataka nini na nani anamzuia. Mchukue konda wa daladala ya Mbagala: mwanafunzi kapanda na nauli pungufu. Akimshusha, tumejua jambo moja tu. Akimwacha asafiri huku anamfokea mpaka kituo cha Rangi Tatu, hapo anaanza kuwa mhusika duara (mwenye pande nyingi, si sifa moja tu), maana mdomo na mkono havisemi kitu kimoja. Sehemu kama hiyo ikalie.

Kwa msuko (jinsi matukio yanavyofungamana), pachika "kwa hiyo" kati ya tukio na tukio. Ikigoma, ikabaki "halafu, halafu" (filamu zetu nyingi, tuambizane ukweli), pana pengo. Taja dakika au ukurasa linapoanzia.