Plagi za iridiamu kwenye Toyota ya 1NZ: zinaongeza nini, na namna ya kuzifunga

Plagi haiongezi nguvu kwenye injini isiyo na hitilafu. Nguvu hutoka kwenye hewa na petroli inayoingia kwenye silinda. Plagi inawasha tu, kwa wakati uliopangwa na kompyuta ya gari. Mchanganyiko ukishawaka, plagi imemaliza kazi, iwe ya bei ya chini au ya bei ya kutisha. Injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497, ile ya Vitz, Ist, Probox na Raum, itavuta vilevile kwa plagi zenye ncha ya nikeli, platinamu au iridiamu (zote ni metali), mradi plagi ni mpya na za kipimo chake.

Mbona basi mtu anafunga za ghali na gari linaanza kuvuta vizuri? Kwa sababu alizotoa zilikuwa zimekufa. Kila cheche inakula chuma kidogo. Mwanya kati ya ncha ya kati na mguu wa nje, uliotoka kiwandani ukiwa milimita 1.1, unapanuka, na kadiri unavyopanuka koili (kifaa kinachoipa plagi umeme mkali) inadaiwa umeme mkubwa zaidi kuuruka. Kwenye tambarare inajikongoja. Mlimani gari likiwa na mzigo, inashindwa. Hapo ndipo linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, na petroli isiyoungua inaenda kuunguza masega (kisafisha moshi kwenye ekzosi). Angefunga nikeli mpya za bei ya kawaida, angepata nafuu ileile, lakini sifa zote huenda kwa boksi lenye maandishi ya dhahabu.

Faida ya iridiamu iko kwingine. Inayeyuka kwenye nyuzi 2,446 za Selsiasi, nikeli kwenye 1,455, kwa hiyo ncha ya kati inaweza kuwa nyembamba, milimita 0.4 hadi 0.7, badala ya 2.5 za plagi ya kawaida. Ncha nyembamba inahitaji umeme mdogo kurusha cheche, koili inapumua, na injini inawaka kirahisi kidogo asubuhi ya baridi. Pia inadumu: nikeli hubadilishwa kila kilomita 20,000 hadi 30,000, na iridiamu za maisha marefu hufika 100,000 hivi. Ila si kila iridiamu ni ya maisha marefu. Zinazofika huko zina platinamu kwenye mguu wa nje pia. Zile zinazouzwa kwa jina la "nguvu" mara nyingi hazina, na huisha mapema zaidi. Kwenye 1NZ, ambako kubadili ni kazi ya nusu saa, nikeli haina ubaya wowote. Kwenye V6 ambayo lazima ung'oe manifodi ya hewa kufikia plagi za nyuma, lipia maisha marefu bila kusita.

Plagi za miguu miwili hadi minne hazitoi cheche nne. Cheche inaruka kwenye mguu mmoja tu kila mara, ule ulio rahisi zaidi. Mingine inasubiri zamu ya kulika.

Dukani, soma namba. Chukua Denso K16R-U11, ya kawaida kwa 1NZ: 16 ni kiwango cha joto, R ni rezista, 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Kwa NGK ni BKR5EYA-11, ambapo 5 ndiyo joto. Kwa kampuni hizi mbili namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, yaani inapoteza joto lake haraka. Usishawishiwe kupanda hadi za mashindano: plagi isipofika nyuzi 450 hivi haijisafishi, inashika masizi na gari linaanza kumisi upya. Plagi baridi na mwanya mdogo ni vya injini ya tabo iliyoongezwa presha, ambayo joto lake linatisha pistoni.

Feki ni nyingi. Washa (pete ya chuma inayokaa juu ya thredi) ya orijino haitoki kwa kuizungusha na vidole, ncha imekaa katikati, na thredi ni safi. Mita ya umeme inasema zaidi: pima kutoka kichwa cha juu hadi ncha ya kati. Plagi yenye R husoma takriban kilo-omu 3 hadi 7. Ikisoma sifuri, rezista haimo, irudishe.

Kufunga: acha injini ipoe kabisa, maana hedi (kichwa cha injini) ni ya aluminiamu na ikiwa ya moto thredi zinatoka na plagi. Toa kava ya plastiki, chomoa soketi za koili kwa kubana kilimi, kisha fungua bolti moja ya namba 10 kwa kila koili uitoe. Kabla hujagusa plagi, puliza upepo mashimoni. Mchanga ukidondoka ndani ya silinda, umenunua kazi nyingine. Shimo likiwa na oili, sili za plagi kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) zimechoka, zibadilishe kwanza. Tumia spana ya boksi ya plagi ya 16 yenye mpira au sumaku.

Zipange zilizotoka kwa mfuatano wa silinda uzisome. Kahawia isiyokolea ni nzuri. Masizi makavu ni petroli nyingi au filta ya hewa iliyoziba. Uteute wa oili ni ringi au sili za vali. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi.

Mwanya wa iridiamu upime kwa geji ya waya tu. Geji ya sarafu ikigusa ncha ile inaivunja. Usipake grisi kwenye thredi: inapunguza msuguano na utakaza kupita kiasi bila kujua. Anza kwa mkono, boksi na ekstensheni bila racheti. Ikigoma mizunguko ya mwanzo, irudishe nyuma uanze tena. Ikikaa, kaza Nm 18 kwa 1NZ, au kama huna spana ya toki, nusu mzunguko kwa washa mpya. Washa iliyokwisha kubanwa inataka kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko.

Gari likiendelea kumisi baada ya hapo, soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta yake. P0302 ni silinda ya pili. Hamisha koili yake kwenda ya tatu, ufute kodi, uendeshe. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, pima nozeli (inayopuliza petroli) na kompresheni ya silinda hiyo kabla hujanunua plagi nyingine.